Tupunguze Mafuta, Tusipunguze Nguvu

(Hotuba ya mwanachama mmoja, tabibu mstaafu, katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, Sumbawanga)



Kamati iliponiandikia barua kunitaka nizungumze juu ya afya ya mtu mzima, nilijibu kwamba nitakubali kwa sharti moja, nisizungumze kwa jumla. Mazungumzo ya jumla juu ya afya tumekwisha kuyasikia mengi. Mtu huambiwa ale vizuri, afanye mazoezi, apime damu. Naye huitikia, hupiga makofi, kisha huenda zake. Leo nataka kuwaeleza jambo moja tu. Mtu anayepunguza uzito kwa dawa anapunguza kitu gani hasa? Anapunguza mafuta, au anapunguza nguvu?

Nina sababu mbili za kulichagua jambo hili. Ya kwanza ni kwamba nimefanya kazi ya utabibu kwa miaka thelathini na minne katika zahanati na vituo vya afya vya mkoa huu, nyanda za juu na kule bondeni pia. Ya pili ni kwamba mimi mwenyewe ni mgonjwa. Nina kisukari tangu mwaka 2009, na tangu mwaka 2024 ninajidunga sindano moja kila juma kwa amri ya daktari. Nilianza nikiwa na kilo 104. Leo nina kilo 89. Koti hili mnalolitazama ndilo lile lile nililolivaa tulipokutana mara ya mwisho, nanyi mnaona wenyewe jinsi linavyoning'inia.

Ndugu zangu, hapa kwetu Ufipa mtu akikonda watu hawamwambii hongera. Humtazama shingo. Sisi wa rika langu tunakumbuka vizuri. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitangazwa mwaka 1983 kule Kagera, na kwa miaka mingi baada ya hapo kukonda kulikuwa ni hukumu. Mimi habari zangu zilifika Namanyere kabla sijafika mwenyewe, kwamba nimekwisha. Siwalaumu waliosema. Lakini nataka mjue kwamba katika minong'ono yao lilikuwamo swali la haki kabisa, ambalo daktari wangu naye aliniuliza siku ya kwanza: je, huyu anakonda akiwa na nguvu zake, au nguvu ndizo zinazoondoka?

Kwanza tuijue dawa yenyewe. Utumbo wetu hutoa homoni baada ya kula, inayoliambia kongosho litoe insulini na kuuambia ubongo kwamba tumeshiba. Wataalamu wametengeneza dawa zinazoiga homoni hiyo. Ya kwanza ya jamii hii iliidhinishwa Marekani mwaka 2005, na chanzo chake kilikuwa kitu kilichogunduliwa katika sumu ya mjusi mkubwa wa jangwani huko huko Marekani. Siku hizi zinazosikika zaidi ni semaglutaidi, ambayo wengi wanaijua kwa majina ya biashara ya Ozempic na Wegovy, na tirzepataidi, iitwayo Mounjaro. Hizi hupunguza kasi ya chakula kutoka tumboni, na huiondoa njaa. Mtu anakaa mbele ya sahani ya ugali na kuitazama kama anavyotazama ukuta.

Na zinafanya kazi, hilo lisibishwe. Katika utafiti mmoja mkubwa uliotangazwa mwaka 2021, watu 1,961 walifuatwa kwa majuma 68. Waliopewa semaglutaidi walipungua karibu asilimia 15 ya uzito wao, na waliopewa sindano isiyo na dawa walipungua asilimia 2.4 tu. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani liliziingiza dawa za jamii hii katika orodha yake ya dawa muhimu, kwa ajili ya wenye kisukari pamoja na unene na maradhi ya moyo au figo. Kwa hiyo si dawa za kuchezewa, wala si dawa za kudharauliwa.

Sasa sikilizeni jambo ambalo mizani haisemi. Katika utafiti huo huo, watu 140 walipimwa kwa mashine inayotenganisha mafuta na sehemu nyingine za mwili. Ikaonekana kwamba katika kila kilo 10 zilizoondoka, karibu 4 hazikuwa mafuta. Tuseme kweli, zile 4 si misuli mitupu. Yamo maji, na vimo viungo vingine vinavyopungua mwili unapopungua. Utafiti wa tirzepataidi nao ulionyesha kiasi pungufu, yaani karibu robo ya uzito ulioondoka. Tena kupoteza misuli si kosa la dawa hizi peke yake. Kila anayekonda kwa kula kidogo, awe amefunga, amekosa chakula au ameugua, hupoteza mafuta na misuli pamoja. Tofauti ni kwamba dawa hii hukondesha sana, na kwa muda mfupi, nayo humwondolea mtu ile njaa ambayo ingemkumbusha kula.

Huenda mtu akauliza, misuli ya nini kwa mzee? Sichezi mpira tena. Nitajibu kwa mambo matatu.

Jambo la kwanza, misuli ndiyo ghala kubwa la sukari mwilini. Baada ya chakula, sehemu kubwa ya sukari inayotoka katika damu kwa msaada wa insulini huingia katika misuli. Mgonjwa wa kisukari anayepoteza misuli ni kama mkulima anayebomoa ghala lake wakati wa mavuno.

Jambo la pili, misuli ndiyo akiba ya siku ya ugonjwa. Mtu akilazwa kwa homa ya mapafu au akifanyiwa upasuaji, mwili huila misuli yake. Aliyeingia wodini akiwa nayo hutoka kwa miguu yake. Mwaka 2015 ulitangazwa utafiti wa watu karibu 140,000 wa nchi 17, zikiwamo Zimbabwe na Afrika ya Kusini. Watu hao walibanishwa kifaa cha kupimia nguvu ya kiganja. Wale wenye mkono dhaifu walikufa zaidi katika miaka iliyofuata, na nguvu ya mkono iliashiria kifo vizuri kuliko kipimo cha juu cha shinikizo la damu.

Jambo la tatu ni heshima. Mzee asiyeweza kuinuka kwenye kigoda bila kuvutwa, au kwenda chooni usiku bila kushikwa, amenyang'anywa kitu ambacho kilo zilizopungua haziwezi kukilipa.

Ndugu wanafunzi wa zamani, sisi hatukununua misuli dukani. Tuliletewa na maisha. Baba zetu na mama zetu walilima ntumba. Vijana wa siku hizi msiojua, ntumba ni lile tuta la mviringo: nyasi zinalazwa, udongo uliolowa mvua unageuzwa juu yake, nyasi zinaozea ndani na kuwa mbolea. Kilimo hicho kimewashangaza wataalamu wengi waliofika Ufipa, lakini mimi nakitaja kwa ajili ya mgongo na mapaja ya aliyekilima. Kabla yao babu zetu walifua chuma. Tanuru zao ndefu za udongo, malungu, zilizidi kimo cha mtu, na mabaki yake bado yapo huko vijijini. Mawe ya chuma, kuni na makaa vilifika tanuruni kwa vichwa na mabega ya watu.

Na hapa shuleni je? Nani amesahau mchakamchaka wa alfajiri mwezi wa Juni, upepo wa Mbizi ukikata masikio? Nani amesahau shamba la shule, kuni za jikoni na ndoo za maji? Tulilalamika, tena tulilalamika kwa nyimbo. Lakini ile Elimu ya Kujitegemea, pamoja na mengine iliyokusudia, ilitujengea miguu ambayo baadhi yetu tunasimama juu yake hata leo.

Maisha hayo yamebadilika. Kutoka nyumbani hadi sokoni ni bodaboda. Maji yako bombani, unga unasagwa mashineni. Sisemi turudi nyuma. Mama zetu walichoka mno, na mashine ya kusaga ni baraka. Nasema kwamba kazi iliyokuwa ikitupa misuli bila kuombwa imeondoka, na hatukuweka nyingine mahali pake.

Wapo wenzetu kandokando ya Ziwa Eyasi, Wahadzabe, ambao bado wanaishi kwa kuwinda na kuchimba mizizi. Utafiti uliotangazwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba, pamoja na kutembea kwao kote, nishati wanayotumia kwa siku, ukilinganisha kwa ukubwa wa mwili, haipiti ya watu wa Marekani na Ulaya. Maana yake ni kwamba mazoezi peke yake si njia rahisi ya kukonda. Lakini utafiti mwingine wa mwaka 2020 ukaonyesha jambo la pili. Wahadzabe hupumzika karibu saa 10 kwa siku, kama sisi wa maofisini, ila mara nyingi wanapumzika wakiwa wamechuchumaa au wamepiga magoti, na misuli ya miguu inaendelea kufanya kazi kidogo kidogo. Sisi tumejaza sofa.

Basi, tufanye nini? Nitataja mambo manne, nayo ndiyo ninayoyafuata mimi mwenyewe.

La kwanza, mboga itangulie ugali. Dawa inapokuondolea njaa, nafasi tumboni ni ndogo. Wengi huijaza kwa chai na mkate, au uji mtupu, kwa sababu ndivyo vinavyopita kirahisi. Hapo ndipo misuli inapokufa njaa. Anayepunguza uzito hushauriwa apate protini gramu 1.2 hadi 1.5 kwa kila kilo ya mwili wake kwa siku. Tuchukue mtu wa kilo 75, anayehitaji gramu 90. Maharage makavu gramu 100 yana protini karibu 21. Mayai mawili yana 12. Dagaa wakavu gramu 30 wana kama 18. Maziwa bilauri mbili yana 16. Karanga konzi moja zina 8. Unga wa mahindi gramu 200 una karibu 16. Jumlisheni: ni 91. Hakuna hapo chakula cha ndege. Maharage ni ya Ufipa, dagaa wanapanda kutoka Kasanga na Kipili, mayai yako uani. Mgawanye chakula hicho katika milo mitatu au minne midogo, kwa sababu tumbo halitakubali vyote kwa mara moja. Ila mwenye ugonjwa wa figo asifuate hesabu hii kabla ya kumwona daktari wake.

La pili, misuli ipewe mzigo. Kutembea ni kuzuri kwa moyo, lakini hakutoshi. Mwaka 2017 ulitangazwa utafiti wa wazee wanene 160 waliokuwa wakipunguza uzito. Waliofanya mazoezi ya pumzi tu, kama kutembea, walipoteza asilimia 5 ya mwili usio mafuta. Walionyanyua vitu vizito walipoteza asilimia 2. Waliofanya yote mawili walipoteza 3, na hao ndio waliopata wepesi mkubwa zaidi wa kufanya shughuli zao. Na mtu asiseme amechelewa. Mwaka 1990 wazee kumi wa Marekani, wenye umri wa miaka kama 90, walifanyishwa mazoezi ya kunyanyua kwa majuma manane, na nguvu za miguu yao zikazidi maradufu.

Huhitaji ukumbi wala vyuma vya kununua. Mimi nafanya hivi siku tatu kwa juma. Nakaa kwenye kiti kigumu na kuinuka bila kushika kitu mara kumi, napumzika, narudia mara tatu. Nausukuma ukuta kwa mikono miwili hadi mabega yachoke. Nachukua madumu mawili ya lita tano yaliyojaa maji, moja kila mkono, na kuzunguka nyumba. Yakiwa mepesi naongeza. Wajukuu walicheka juma la kwanza; sasa wanahesabu. Jambo la kushika ni kwamba mzigo uchoshe. Usipochosha, msuli hauna sababu ya kubaki. Na wanaotumia insulini au vidonge vya kushusha sukari pamoja na sindano hii wawe waangalifu, kwa maana sukari inaweza kushuka mno. Wapange na daktari kwanza.

La tatu, usipime uzito peke yake. Kila mwezi naandika katika daftari mambo matatu: kilo zangu, mzunguko wa kiuno, na mara ninazoinuka kitini katika nusu dakika. Kiuno kikipungua na kuinuka kukibaki pale pale, najua kinachoondoka ni mafuta. Kilo zikishuka na kuinuka kukishuka pia, hiyo ni habari ya kumpelekea daktari, huenda dozi ni kubwa au chakula ni kidogo. Mwezi uliopita nilikuwa na kilo 15 pungufu, na niliinuka mara 14. Nilipoanza nilikuwa nainuka mara 11. Kwa waliouliza Namanyere, hilo ndilo jibu langu.

La nne, usiache ghafla wala usinunue gizani. Wale waliofanyiwa utafiti niliotaja walipoacha semaglutaidi walirudisha theluthi mbili ya uzito walioupoteza katika mwaka mmoja. Na uzito ukirudi, hurudi zaidi kama mafuta kuliko kama misuli. Basi mtu akidunga na kuacha, akidunga na kuacha, kila mara anabadilisha misuli kwa mafuta. Tena mwezi Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo juu ya semaglutaidi bandia iliyokamatwa Brazil, Uingereza na Marekani. Ikiwa nchi zenye ukaguzi mkali zimeingiliwa, sisi tusijidanganye. Dawa hii kabla ya kuanza kutumiwa hutakiwa kukaa katika baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Iliyosafiri mfukoni mwa mtu kutoka Dar es Salaam kwa basi, kupitia Mbeya na Tunduma, haijulikani imekuwa nini. Yafaa itoke kwa daktari, na katika duka la dawa lililosajiliwa.

Sasa nawageukia ninyi vijana. Msidhani nimewazungumza wazee na kuwasahau. Mkoa wetu una aibu mbili kwa wakati mmoja. Taarifa ya taifa ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba nusu ya watoto wa Rukwa walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Katika taarifa hiyo hiyo, zaidi ya theluthi ya wanawake wa Tanzania wa umri wa kuzaa walikuwa na uzito uliozidi. Mnaweza kudhani ni mambo mawili yasiyohusiana. Mimi nimeyaona katika nyumba moja: mtoto kadumaa na bibi yake kanenepa, wote wawili wanakula ugali mwingi na mboga kidogo, mahali panapolimwa maharage ya kulisha miji. Gunia linauzwa lote, hakibaki kibaba cha nyumbani.

Misuli hujengwa ujanani. Ikifika miaka ya thelathini huacha kuongezeka, kisha hupungua kidogo kidogo, na baada ya sitini kwa kasi zaidi. Mnachoweka sasa ndicho mtakachotumia mkiwa na umri wangu. Kwa hiyo msiione sindano ya kukonda katika simu mkaitamani kwa ajili ya umbo. Kijana aliye na afya hana kazi nayo. Chezeni, limeni, beba ndoo ya mama bila kuambiwa mara mbili, na mkipewa maharage bwaloni msiyaache sahanini.

Ndugu Mwenyekiti, sikuja na maneno matupu; ninaleta pendekezo. Katika ajenda yetu ya mchana kuna suala la matumizi ya michango ya mwaka huu. Naomba sehemu yake itumike kujenga banda la kuku wa mayai hapa shuleni, liendeshwe na wanafunzi wenyewe chini ya mwalimu wa kilimo, ili kila mwanafunzi apate walau mayai mawili kwa juma. Na naomba kila tunapokutana, kabla ya chakula cha mchana, sisi wazee tukae vitini tupimwe kwa saa, kila mmoja anainuka mara ngapi katika nusu dakika, na idadi iandikwe katika daftari la chama. Mwakani tutalifungua tuone.

Mimi nimeandika 14. Naomba ndugu Katibu aandike ya kwake.